Kabla ya Kufungua Njia: Mtaa, Tathmini na Ushahidi wa Ushairi

Moto ukizuka katika mtaa wa vichochoro, jambo la kwanza linalotafutwa si maji bali njia. Gari la zimamoto husimama barabara kuu, taa zake zikizunguka, na mpira wa maji huburutwa kwa mikono kupita kona mbili tatu, kati ya kuta ambazo mtu akinyoosha mikono huzigusa zote mbili. Mgonjwa naye, khasa mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, hubebwa kwa kiti au kwa machela mpaka pale gari lilipoweza kufika. Hayo anayajua kila aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Ng'ambo yake, au Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa. Kwa hivyo anayesimama na kusema kwamba mtaa unahitaji njia ya dharura hasemi neno la upuuzi, na mhakiki atakayeanza kwa kumcheka atakuwa amekwisha ipoteza hoja yake.

Tatizo huanza pale karatasi inapoandikwa. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, na miradi mikubwa hutakiwa ipimwe athari zake kabla ya kujengwa. Kwa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuna daraja moja zaidi: tathmini ya athari kwa turathi. Ripoti za namna hiyo husomwa na wahandisi, mawakili na maofisa wa serikali. Watu wa fasihi hawazigusi. Ni hasara, kwa sababu ripoti ni utanzu wa maandishi kama tanzu nyingine. Ina msamiati wake, ina msimulizi wake aliyejificha nyuma ya vitenzi vya kutendwa, na ina mazoea yake ya nini kitajwe na nini kinyamaziwe. Ikisemwa katika ripoti kwamba "hapakuonekana athari", msomaji wa mashairi, aliyezoea kuuliza nani anasema na anamwambia nani, ana haki ya kuuliza: hapakuonekana na nani, alisimama wapi, na ilikuwa saa ngapi?

Kabla ya kuipima ripoti hiyo, yafaa kukumbuka njia iliyowahi kufunguliwa bila ya ripoti yoyote. Mwaka 1968 Hubert Scholz, mpangaji miji kutoka Ujerumani ya Mashariki, alitengeneza mpango wa mji wa Zanzibar. Katika mpango huo Ng'ambo, iliyokuwa mji wa watu wengi na nyumba za udongo zenye mapaa ya makuti na mabati, ilipitishiwa barabara mbili pana zinazokatana msalaba, na kandokando yake yakasimama majumba ya ghorofa ya Michenzani, mengine yakikaribia urefu wa mita 300. Nyumba zilizokuwa katika mistari hiyo ziliondolewa. Mpango haukukamilika, ujenzi ulisita, na nyuma tu ya majumba yale marefu mitaa ya zamani imeendelea na maisha yake, vichochoro vikipinda kama kawaida yake.

Ni rahisi leo kulifanya jambo hilo kisa cha ubaya mtupu, na wako waandishi waliofanya hivyo. Lakini waliohamia katika yale majumba walipata mfereji wa maji ndani, umeme, na sakafu isiyogeuka tope masika yanapoingia. Nia ilikuwa kuwapa watu wa Ng'ambo, waliodharauliwa kwa miaka na watawala wa kikoloni, heshima ya kukaa katika nyumba bora. Heshima hiyo isifutwe kwa kalamu ya mtu anayekaa mbali na tope. Linalostahili kuulizwa ni jengine: katika mistari ile miwili ya penseli, nani alihesabu kilichokuwamo? Nyumba zilihesabika. Visima pengine. Lakini jina la Michenzani lenyewe ni jina la mahali pa michenza, na ukizunguka Ng'ambo utakuta Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, Kisima Majongoo. Mji mzima umepangwa kwa miti na maji. Mwenye kuelekeza mgeni hakutaja nambari, alitaja mwembe. Mwembe ukikatwa ili barabara ipite, jina hubaki, lakini hubaki kama beti lililopotelewa na shairi lake: linatamkwa kila siku na halielezi tena chochote.

Baraza nalo haliandikwi vizuri katika ripoti. Katika michoro huonekana kama kibanzi cha saruji au cha chokaa kilichoshikamana na ukuta, na mhandisi anayetafuta upana wa njia hukiona kama kizuizi. Kwa hakika ni ukumbi ulio nje ya nyumba. Hapo ndipo kahawa hunywewa, bao huchezwa, mashairi hujibizana, habari za mauti na harusi hufika kabla ya kufika redioni. Nyumba ya Kiswahili ina daraja za ndani na nje: uwani kwa wenyewe, ukumbi kwa jamaa na wageni waaminifu, baraza kwa mtaa. Ukiikata baraza kwa ajili ya njia, nyumba inabaki na vyumba vyake vyote na bado imekatwa kiungo, kwani mlango umefunguka moja kwa moja kwenye magurudumu na wenye nyumba hulazimika kuufunga.

Ng'ambo haikukosa mashahidi wa mambo haya. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, alikuwa mtu wa Ng'ambo, na kundi lake ndilo lililoisogeza taarabu kutoka katika kumbi za wakubwa na kuiingiza katika lugha ya mitaani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Mwaka huo huo wenyeji wa Ng'ambo waligomea kodi ya ardhi, kwa sababu nyumba ilikuwa yao na kiwanja kilikuwa cha mwengine. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Zanzibar, ameonyesha namna nyimbo za Siti zilivyobeba mashauri ya mtaa: kesi za mahakamani, hila za wenye fedha, na mauaji, kama wimbo wa "Kijiti" unaosimulia kifo cha mwanamke mgeni. Nyimbo hizo haziwezi kutenganishwa na mahali. Waliokuwa wakizisikia walikuwa wakizijua nyumba, wakiwajua wanaotajwa kwa mafumbo, na wakijua ni kona ipi iliyokusudiwa. Basi mtaa ule ni turathi au si turathi? Katika orodha za uhifadhi za muda mrefu jibu lilikuwa hapana, kwa sababu nyumba za udongo hazina milango ya nakshi.

Hapa ndipo inafaa kuutazama kwa makini muongozo uliotolewa na ICOMOS mwaka 2011 kwa ajili ya tathmini za aina hii katika maeneo ya Urithi wa Dunia. Kwa haki yake, muongozo huo ulileta nidhamu mahali palipokuwa na makisio, na ulitaja wazi kwamba mambo yasiyoshikika, yaani mila, kumbukumbu na uhusiano wa watu na mahali, nayo yapimwe. Lakini chombo chake kikuu ni jedwali. Upande mmoja zimepangwa thamani: kubwa sana, kubwa, ya wastani, ndogo, hafifu, na isiyojulikana. Upande wa pili umepangwa ukubwa wa mabadiliko, kutoka pasipo na mabadiliko mpaka mabadiliko makubwa. Mtathmini hutafuta pale mistari inapokutana, akasoma jibu.

Jedwali si kitu kibaya. Arudhi nayo ni jedwali la aina yake, na hakuna mpenzi wa ushairi atakayebeza mizani. Kasoro iko katika namna linavyosomeka. Kitu cha thamani "ndogo" hata kikifutwa chote, jibu la jedwali huwa la kutuliza. Na nani aliyeipa thamani hiyo? Ikiwa kipimo ni umuhimu kwa ulimwengu mzima, baraza la wavuvi wanne waliozeeka litaangukia kwenye "ndogo" kila mara, kwani ulimwengu haulijui. Kwa hao wanne, kwa watoto wao na kwa wanaojifunza kwao majina ya nyota na mikondo, hakuna kitu chengine. Jedwali lina safu ya "isiyojulikana", na hiyo ndiyo safu yenye uaminifu kuliko zote; hata hivyo ndiyo inayotumiwa kwa uchache kupita zote, kwa sababu mtaalamu aliyelipwa kujua huona haya kuandika kwamba hajui. Mwaka 2022 UNESCO na taasisi tatu wenza, ICCROM, ICOMOS na IUCN, zilitoa muongozo mpya ulioupokea ule wa 2011, nao unasisitiza kuanza mapema, kuwashirikisha wenyeji, na kuzitazama njia mbadala kabla ya mradi kufungwa mikono. Ni hatua. Itategemea tena kalamu ya anayeutumia.

Wapenzi wa fasihi wana kielelezo cha tathmini kilichotangulia miongozo yote hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, kiasi cha miaka mia mbili iliyopita, alikuwa akiutazama mji wa Pate ulioporomoka. Shabaha yake ilikuwa kuionya nafsi yake juu ya udanganyifu wa dunia, wala hakuwa na haja ya kuhifadhi jengo lolote. Hata hivyo njia aliyoishika ni ya mtathmini hodari. Hakutosheka kusema kwamba nyumba zimebomoka. Alikwenda chumba kwa chumba, akauliza kila mahali palikuwa pa kazi gani: hapa paliwaka taa, hapa palikaliwa, zidaka hizi zilipangwa vyombo vya thamani na sasa ni makao ya ndege. Anachokipima ni tofauti kati ya matumizi na ukimya. Ripoti ya kisasa ingeandika "zidaka za plasta, hali mbaya". Mshairi ameandika nini kimeondoka ndani ya zidaka. Mwenye kusoma yote mawili ataona kwamba la pili lina taarifa nyingi zaidi, seuze uzuri.

Lakini tahadhari inahitajika, khasa katika kurasa kama hizi ambazo wasomaji wake wameshakubali kabla ya hoja kumalizika. Ushairi si ramani. Mshairi huongeza chumvi, hukopa taswira kwa waliomtangulia, huusifu mji wake kwa sababu ni wake, na huulilia zaidi ya ulivyostahiki. Utenzi hautamwambia mhandisi kisima kilikuwa futi ngapi kutoka ukutani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanaonyesha ugumu huo barabara: mengi yalizaliwa katika ugomvi na mzaha wa mji wa wakati wake, na hata baada ya kuchapwa katika diwani iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940, na kufanyiwa uchunguzi na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979, yako mafumbo ambayo msomaji wa leo huyaona yamefungwa. Yalikuwa wazi kwa waliokuwa wamekaa mahali pale wakati ule. Ushahidi wa ushairi, kwa hiyo, humwelekeza mtathmini mahali pa kuuliza. Akikuta mahali fulani panatajwa mara nyingi katika nyimbo za harusi au za unyago, hajapata jibu bado. Amepata sababu ya kwenda kumtafuta bibi anayezijua na kukaa naye kitako.

Wako waliojaribu kuyaweka haya katika sheria. Katika visiwa vya Hawaii, mwaka 2000, bunge la huko lilipitisha sheria iliyotaka taarifa za mazingira zieleze pia athari za mradi kwa utamaduni na desturi za wenyeji. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kesi ya Kaʻūpūlehu, iliyoletwa na muungano wa wenyeji uliojiita Ka Paʻakai o ka ʻĀina, yaani chumvi ya ardhi, maana kuvuna chumvi ya pwani ni miongoni mwa mambo waliyokuwa wakiyatetea. Mahakama iliweka maswali matatu ambayo chombo cha serikali lazima kiyajibu chenyewe, bila ya kumwachia mwenye mradi: ni turathi zipi zilizopo na desturi zipi zinatekelezwa hapo, zitaathirika kwa kiasi gani, na ni hatua gani ziwezekanazo zichukuliwe kuzilinda. Maswali matatu, si jedwali. Nguvu yake iko katika lile la kwanza, lisilokubali kujibiwa na anayetazama mawe peke yake. Tangu hapo ripoti nyingi za huko hubeba nyimbo za kale, methali na majina ya pepo na mvua za kila bonde, hata pale mradi ulipo kipande kifupi cha barabara. Zimo zilizoandikwa kwa moyo. Zimo pia ambazo hunakili nyimbo zile zile kutoka vitabu vile vile, kurasa hamsini za utukufu, kisha ukurasa wa mwisho ukaamua kana kwamba hazikusomwa. Wimbo uliotiwa ndani ya ripoti na usigeuze hata upana wa mfereji mmoja umefanywa pambo.

Karibu zaidi na nyumbani kuna hukumu ya Lamu. Ujenzi wa bandari mpya ya Magogoni, katika mradi wa LAPSSET, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na Mji wa Kale wa Lamu ulikuwa umekwisha kuwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, iliyokaa Malindi, iliona kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa, zikiwamo haki yao ya utamaduni na haki ya kushirikishwa na kupewa habari, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa wavuvi wapatao 4,600. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Bandari kuu na njia ya dharura ya mtaa haziko katika mizani moja, lakini mpangilio wa matukio ndio unaofundisha. Mahakama ilizungumza juu ya utamaduni miaka sita baada ya jiwe la msingi. Fedha hulipa samaki waliokosekana. Haijulikani hulipa vipi maarifa ya mlango wa bahari ambao umechimbwa na kuongezwa kina.

Sasa turudi kwenye mtaa, kwani huko ndiko mambo makubwa hupimwa kwa sentimita. Njia ya gari la zimamoto iwe na upana gani? Swali hili linaonekana la kihandisi tupu, na wahakiki wengi wangeliruka. Muongozo uliozoeleka Uingereza hutaka mita 3.7. Kanuni ya kimataifa ya zimamoto inayofuatwa na miji mingi ya Marekani hudai futi 20, karibu mita 6.1. Tofauti ni mita 2.4. Katika nyumba za mawe za mwambao upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haikuruhusu zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu. Tofauti kati ya kanuni mbili za kigeni, kwa hivyo, inakaribia chumba kizima katika kila nyumba ya upande mmoja wa njia, au mabaraza ya pande zote mbili. Mhandisi aliyechagua kitabu kimoja badala ya chengine ameamua jambo la utamaduni bila ya kujua kwamba ameamua. Tathmini iliyoanza baada ya uchaguzi huo imechelewa hata kama karatasi yake ina tarehe ya kabla ya ujenzi.

Na kwa nini gari liwe kubwa hivyo? Kuna miji ya kale duniani inayozima moto kwa magari madogo, kwa pampu za kubebwa na kwa mabomba ya maji yaliyotandazwa mapema katika vichochoro, yenye vichwa vya kufungulia kila baada ya hatua kadhaa. Mgonjwa huweza kufuatwa kwa pikipiki ya matatu au kwa machela yenye magurudumu mpaka kwenye gari. Huenda katika mtaa fulani hayo yote yakapimwa na yakaonekana hayatoshi. Basi njia ifunguliwe, na sababu iandikwe. Kinachokera ni ripoti inayotaja "njia mbadala" katika aya moja, kwa ajili ya kuzikataa. Aya hiyo inatambulika mara moja na msomaji mzoefu wa mashairi ya kujibizana: ni hoja ya mpinzani iliyotungwa na mshindani mwenyewe, ikawekwa dhaifu makusudi ili iangushwe kwa beti moja.

Katika maandishi ya karibuni kuhusu Unguja, kazi iliyokaribia zaidi kusoma mtaa kama inavyostahiki ni ile iliyofanyika Ng'ambo. Mpango uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo, wa mwaka 2016, ulioandaliwa na idara ya serikali ya mipango miji pamoja na wataalamu kutoka Uholanzi, ulitumia fikra ya mandhari ya kihistoria ya mji iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2011, na ukafuatiwa na kitabu cha ramani, Ng'ambo Atlas, cha mwaka 2019. Mafanikio yake makubwa ni ya kisarufi, ikiwa neno hilo laruhusiwa hapa. Kwa muda mrefu Ng'ambo ilielezwa kwa kilicho mkabala wake: upande wa pili wa pwani, nje ya mji wa mawe, mahali pasipo. Katika kazi hii imekuwa kiima cha sentensi. Sehemu za burudani, za ibada, za mazungumzo na za kumbukumbu zimewekwa kwenye ramani sambamba na majengo, na majumba ya Michenzani yenyewe yamehesabiwa kuwa sehemu ya turathi, jambo ambalo kizazi kimoja nyuma lingechekwa. Ni hukumu ya haki. Waliozaliwa humo wana kumbukumbu zao, na korido ndefu ya ghorofa nayo imekuwa baraza ya aina yake.

Kasoro yake ni ile ya kila ramani. Alama moja ya rangi husimamia baraza la kila siku na la mara moja kwa mwaka, la wanaume wa alasiri na la wanawake wa usiku wa kesha la harusi. Wakati haumo. Mtaa wa Kiswahili una ratiba: njia ile ile ni ya wanafunzi wa chuoni asubuhi, ya wachuuzi mchana, ya wazee baada ya alasiri, na ikifika shughuli hutandikwa mikeka na kuwa ya wanawake, na mwanamume mwenye adabu huzunguka kwa nyuma. Mtathmini aliyekuja saa nne asubuhi na kamera yake ameona kichochoro kitupu na akaandika kwamba ni kitupu. Njia ya dharura ikipitishwa hapo, ikazuiwa kutandikwa mikeka kwa sababu lazima iwe wazi saa zote, hakuna ukuta utakaokuwa umebomolewa na hakuna picha itakayoonyesha kilichopungua.

Kwa sababu hiyo, ripoti itakayoandikwa juu ya mtaa wowote wa visiwani ingefaa kupokewa kwa masharti machache ambayo hayagharimu fedha nyingi. Isianze na jedwali, ianze na majina: kila kichochoro, kila kona, kila mwembe uliopo na uliokufa, kama yanavyotamkwa na wenyeji na si kama yalivyoandikwa katika faili. Ikusanywe kwa sheha, naam, lakini pia kwa kungwi, kwa mshona kanzu, kwa hamali, kwa muuza kahawa, kwa watoto wa chuoni wanaojua njia za mkato kuliko wote. Iwe kwa Kiswahili kwanza, ndipo itafsiriwe kwa ajili ya mfadhili. Mpangilio wa siku hizi ni kinyume chake, na muhtasari wa Kiswahili huletwa mwishoni, mfupi, ukiwa na maneno ambayo hakuna mtu wa mtaani anayeyatumia. Isomwe hadharani barazani kabla ya kutiwa saini, kwa sauti, mtu akiwa na ruhusa ya kuikata kauli. Na iseme waziwazi nyumba ipi gari halifiki, aliyemo ni mtu mzima au mgonjwa, na ilichukua dakika ngapi mara ya mwisho mtu alipobebwa kutoka hapo mpaka barabarani, kwani hilo nalo ni la mtaa, na waliombeba wapo na wanalikumbuka.